Kimya Baada ya Kutuma Wasifu: Upande wa Pili Kunaendelea Nini?

Umetuma wasifu wako usiku, baada ya kukaa nao siku tatu. Aya ya kwanza umeiandika upya mara nne, rafiki ameupitia akakusahihishia tarehe moja, ndipo ukabonyeza kitufe cha kutuma. Haikupita dakika, ujumbe ukaingia: "Asante. Maombi yako yamepokelewa." Tangu hapo, kimya. Wiki ya kwanza unajiambia bado wanapanga mambo yao. Wiki ya pili umeanza kupekua hadi kwenye barua taka kila asubuhi, huenda jibu limeangukia huko. Wiki ya tatu, namba usiyoifahamu ikipiga, unakohoa kwanza kusafisha sauti kabla ya kupokea, kumbe ni mtu aliyekosea namba.

Kwa wengi wetu kimya hicho hugeuka hukumu. "Hawanitaki." "Sina sifa." "Nilikosea kuandika ile barua." Nimeyasikia maneno hayo kwa watu wenye ujuzi wa kutosha kabisa, na nimeyasema mwenyewe. Baadaye nikapata nafasi ya kukaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kuajiri, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kimya cha mwajiri hakina maana moja. Kimya cha siku chache baada ya kutuma maombi si sawa na kile cha mwezi mmoja baada ya tangazo kufungwa, na hivyo viwili havifanani hata kidogo na kimya cha baada ya usaili. Kila kimoja kina chanzo chake. Ukijua maombi yako yamefika hatua gani, unajua la kufanya, na unajua pia lipi usijilaumu nalo.

Kabla jina lako halijasomwa

Tuanze na ule ujumbe wa ndani ya dakika moja. Hakuna mtu aliyeuandika. Umetumwa na programu ya kupokea maombi, ambayo kampuni na taasisi nyingi zinaitumia siku hizi. Programu hiyo hufungua faili lako, huchukua jina, namba ya simu, elimu na kazi ulizowahi kufanya, kisha huyapanga kama mtu anayejaza fomu. Baada ya hapo maombi yako yanakaa kwenye hifadhi, yakisubiri binadamu ayafungue.

Hapa ndipo penye uvumi mkubwa kuliko wote: kwamba roboti hutupa robo tatu ya wasifu wote kabla mtu yeyote hajauona. Takwimu hiyo imerudiwa mno mpaka imekuwa kama ukweli, lakini hakuna utafiti wa kuaminika unaoibeba. Mara nyingi kinachotokea ni kitu cha kawaida zaidi. Kuna maswali ya mchujo: una leseni ya taaluma? Una miaka mitatu ya uzoefu? Una kibali cha kufanya kazi katika nchi hii? Ukijibu hapana kwenye sharti ambalo mwajiri ameliita la lazima, mfumo unaweza kukuondoa papo hapo kwa sababu umeagizwa hivyo. Kuna pia utafutaji. Afisa mwenye maombi mengi mbele yake anaandika neno moja au mawili kwenye kisanduku, kama unavyotafuta kitu kwenye intaneti, na anasoma wale waliojitokeza. Wewe umeandika "utunzaji wa vitabu vya hesabu", yeye ametafuta "uhasibu". Halafu kuna wasifu uliopambwa kwa majedwali, safu mbili na vijipicha, ambao programu huusoma vibaya: mwaka unaingia mahali pa jina la kampuni, na cheo chako kinapotea kabisa.

Katika hali hizo mbili za mwisho hakuna aliyekukataa. Hujaonekana tu, na kutoonekana kunarekebishika. Tumia maneno yaleyale yaliyo kwenye tangazo pale ambapo ni kweli kwako, andika kwa mpangilio sahili wa safu moja, na jibu maswali ya mchujo kwa uangalifu kuliko unavyoandika barua ya maombi.

Simaanishi kwamba mashine hazina lawama. Mwaka 2014 Amazon ilianza kutengeneza mfumo wa kupima wasifu kwa akili mnemba. Mfumo ulifunzwa kwa wasifu ambao kampuni ilikuwa imeupokea kwa miaka 10, na mwingi ulikuwa wa wanaume, basi ukajifunza kuwapendelea wanaume. Shirika la habari la Reuters liliripoti Oktoba 2018 kwamba mfumo huo ulikuwa ukishusha alama za wasifu wenye neno "wanawake", kwa mfano mtu aliyeandika kwamba aliongoza klabu ya sataranji ya wanawake. Kampuni ikauacha. Tangu Julai 2023 jiji la New York linawataka waajiri wanaotumia mifumo ya aina hiyo waipeleke ikaguliwe na mtu huru kama ina upendeleo, na sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeiweka mifumo ya kuchuja waombaji kazi kwenye kundi la hatari kubwa.

Binadamu naye anapofungua faili lako, hakai nalo kama ulivyokaa nalo wewe. Utafiti wa tovuti ya ajira ya Ladders uliofuatilia macho ya maafisa wa kuajiri ulipata wastani wa sekunde 6 kwa mtazamo wa kwanza mwaka 2012, na sekunde 7.4 ulipofanywa tena mwaka 2018. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo tusiichukue namba hiyo kama kipimo cha dunia nzima. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuchambua rundo la maombi anaijua hali yenyewe: mara ya kwanza husomi, unatenga. Cheo cha sasa, mwajiri wa sasa, miaka, elimu, basi. Rundo la "ndiyo", rundo la "labda", rundo la "hapana". Walio kwenye "labda" ndio wanaokaa kimya kirefu zaidi, kwa sababu hakuna anayetaka kuwaaga mpaka ijulikane kama walio kwenye "ndiyo" wanatosha.

Kimya kisicho cha haki

Lazima niliseme hili waziwazi, maana wanaolipata hulijua mwilini hata kama hawana ushahidi. Mara nyingine kimya ni ubaguzi. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 kwa matangazo ya kazi yaliyokuwa kwenye magazeti ya Boston na Chicago, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Sifa zililingana, majina ndiyo yaliyotofautiana. Wasifu wenye majina yanayohusishwa na Wazungu uliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya ule wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi. Hakuna barua iliyotumwa kusema "tumekuacha kwa sababu ya jina lako". Kilichotumwa ni kimya.

Utafiti mwingine, wa Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo, uliochapishwa mwaka 2013, ulipeleka wasifu wa kubuni upatao 12,000 kwenye matangazo 3,000 hivi nchini Marekani, safari hii wakibadilisha muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri miezi ilivyoongezeka ndivyo simu zilivyopungua, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa ndani ya miezi minane ya kwanza. Huu ni mzigo mzito kwa mtu anayesubiri, kwa sababu kusubiri kwenyewe kunamharibia nafasi ya kuitwa. Ndiyo maana huwa nawasihi watu wasiache pengo tupu kwenye wasifu. Kibarua cha muda, kozi, kazi ya kujitolea, hata kazi ndogo ya mteja mmoja, vyote viandikwe kwa tarehe zake, bila kuongeza chumvi.

Kwenye meza ya mwajiri

Mwombaji anaona tendo moja: nimetuma, wajibu. Mwajiri ana mlolongo. Chama cha wataalamu wa rasilimali watu cha Marekani, SHRM, kiliripoti mwaka 2016 kwamba kwa wastani kujaza nafasi moja kulichukua siku 42. Huo ni wastani, maana yake zipo zinazochukua muda mrefu zaidi. Siku hizo zinaliwa na nini?

Kwanza, waajiri wengi hawafungui maombi mpaka tarehe ya mwisho ipite. Uliyetuma siku ya kwanza ya tangazo la wiki tatu umeanza kuhesabu siku 21 kabla yao. Kisha afisa wa rasilimali watu anatengeneza orodha ya watu kumi au kumi na watano na kuipeleka kwa mkuu wa idara, ambaye ndiye anayemhitaji mfanyakazi, na ambaye kazi yake halisi si kuajiri. Orodha inakaa mezani kwake. Yuko safarini, au yuko kwenye kufunga hesabu za mwaka. Akiirudisha, inabidi watu wanne wa jopo wapate saa moja inayowafaa wote, na wito wa usaili hautoki mpaka hapo.

Njiani mambo mengine hutokea ambayo mwombaji hatayajua kamwe. Bajeti inasitishwa. Meneja aliyeomba nafasi hiyo anaacha kazi, na mrithi wake anataka kuandika upya majukumu. Mfanyakazi wa ndani anaomba kuhamishiwa pale. Wakati mwingine nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo, na tangazo limetolewa kutimiza utaratibu. Na zipo nafasi hewa kabisa: kampuni inaweka tangazo ili kukusanya wasifu wa baadaye, au ili ionekane inakua, ilhali haina mpango wa kuajiri mwaka huo. Mtu anaweza kuandika barua nzuri kupita zote na bado asijibiwe, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na kiti.

Lakini kimya kinachouma kuliko vyote ni cha baada ya usaili. Umeonana nao ana kwa ana, wamecheka, wamekuuliza unaweza kuanza lini, wamesema "tutakujulisha ndani ya wiki". Wiki inakuwa nne. Nitasimulia lililotokea kwenye jopo nililokaa mimi, kwa sababu ndilo lililonifumbua macho.

Nafasi ilikuwa moja. Tulikuwa na jedwali lenye safu iliyoandikwa "Hali", na baada ya usaili yakabaki majina matatu. Mbele ya la kwanza tuliandika "amepewa ofa". Mbele ya mawili mengine, "inasubiri". Yule wa kwanza aliomba wiki moja afikirie, tukampa. Wiki ilipoisha akaomba mshahara uangaliwe upya, ombi likapanda kwa mkuu wa fedha, likakaa huko siku sita. Likakubaliwa. Alipopeleka notisi ya kuacha kazi, mwajiri wake akamwongezea mshahara ili abaki, naye akaomba siku chache zaidi. Ukijumlisha, wiki tano zilikuwa zimeshapita tangu usaili.

Muda wote huo wale wawili hawakuambiwa neno. Wala hatukuwa tumewasahau, maana walitajwa kila kikao. Tuliogopa kumwambia wa pili "hapana" halafu tumhitaji baada ya siku kumi. Tuliogopa pia kumwambia kwamba yeye ni wa pili, tukidhani atavunjika moyo au atapandisha dau. Tukachagua lililokuwa rahisi kwetu, tukanyamaza. Kila mmoja mle chumbani alikuwa mtu mwema, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Matokeo kwa watu wawili waliokuwa nyumbani yalikuwa yaleyale ya mwajiri katili.

Kwa nini kusubiri huku kunachosha hivi

Mwaka 1985 David Maister, aliyekuwa akichunguza watu wanavyosubiri kwenye foleni za huduma, aliandika mambo ambayo mtafuta kazi atayatambua mara moja: kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye kikomo kinachojulikana, na kusubiri bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko ukiwa umeelezwa. Mwombaji kazi anayapata yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana sentensi moja tu, "uamuzi utatoka baada ya tarehe 20", humpa mtu usingizi hata kama haisemi lolote kuhusu yeye.

Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti uliowafuatilia wahitimu wa sheria 230 waliokuwa wakisubiri matokeo ya mtihani wa uwakili kwa miezi minne. Walijaribu kila njia ya kujituliza: kujipa moyo, kujitayarisha kwa mabaya, kujisahaulisha. Kwa sehemu kubwa njia hizo hazikupunguza dhiki. Lililonigusa zaidi ni kwamba wale walioteseka kwa wasiwasi walipokea habari mbaya kwa utulivu zaidi, na habari njema kwa furaha kubwa zaidi, kuliko waliosubiri wakiwa wametulia. Kwa hiyo ukijikuta una roho juu, usijione dhaifu. Tafiti zao za baadaye zilionyesha kwamba kinachosaidia angalau kiasi ni kuzama kwenye shughuli inayokuchukua akili yote, yenye ugumu unaolingana na uwezo wako. Kutazama simu hakumo.

Kwa mtafuta kazi, shughuli hiyo ni pamoja na maombi mengine. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kusimamisha kila kitu kwa sababu usaili mmoja ulikwenda vizuri. Anasubiri wiki tatu bila kutuma popote, halafu jibu likiwa hapana anaanza tena mwanzo, akiwa amechoka na pengo limeongezeka. Mpaka mkataba uwe mkononi, ukiwa na saini, endelea kutuma.

Kuulizia bila kusumbua

Watu huogopa kuulizia wasije wakaonekana wasumbufu. Nikiwa upande wa pili, sikumbuki hata mara moja mtu kupoteza alama kwa ujumbe mmoja wa adabu. Waliotuchosha ni waliopiga simu kila siku, au waliopitia kwa jamaa wa mkurugenzi.

Kama tangazo linasema watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa, waajiri hao wamekuambia mapema kwamba kimya ni jibu lao. Uliza mara moja ukitaka, kisha uiache. Kama halisemi hivyo, hesabu kuanzia tarehe ya mwisho ya maombi, si siku uliyotuma wewe, na subiri wiki mbili hivi. Baada ya usaili, subiri hadi siku waliyokutajia ipite, ongeza siku mbili tatu za kazi, ndipo uandike. Na dawa bora ni ya mapema: kabla hujainuka kwenye kiti cha usaili, uliza, "Mnatarajia kufanya uamuzi lini, na nikihitaji kuulizia niwasiliane na nani?" Swali hilo linageuza kusubiri kusiko na mwisho kuwa kusubiri kwenye tarehe.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Kwa mfano: "Habari za kazi. Naitwa fulani, nilifanya usaili wa nafasi ya afisa ununuzi tarehe 4. Bado naitaka nafasi hii. Ningeshukuru kujua kama mchakato unaendelea na lini mnatarajia uamuzi. Asanteni." Usilalamike kwamba wamechelewa, wala usieleze shida zako za nyumbani, hata zikiwa kubwa. Kama una ofa nyingine yenye tarehe ya mwisho, itaje, lakini iwe ya kweli. Hakuna kinachoharakisha jopo kama hicho, na hakuna kinachovunja imani kama ofa ya kubuni ikigundulika.

Ukiulizia mara mbili, wiki mbili zikiwa katikati, na usijibiwe, funga jalada hilo kichwani mwako. Wakikutafuta baadaye, utalifungua tena.

Deni la mwajiri

Sikubaliani na wanaosema kwamba kimya ni jambo la kawaida tu la soko la ajira. Kwa mtu aliyetuma maombi pamoja na mamia wengine, ujumbe wa mfumo wa kusema nafasi imejazwa unatosha, na programu zilezile zinazopokea maombi zinaweza kuutuma kwa wote kwa pamoja. Kwa mtu uliyemwita akaja, akavaa vizuri, akaomba ruhusa kazini au akalipa nauli ili akae mbele yako, deni ni kubwa zaidi.

Walau sehemu moja duniani imelifanya deni hilo kuwa sheria. Katika jimbo la Ontario, Kanada, tangu tarehe 1 Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi anayetangaza nafasi hadharani lazima amjulishe kila aliyemfanyia usaili kama uamuzi umefanyika, ndani ya siku 45 baada ya usaili wake wa mwisho. Sheria hiyohiyo inamtaka aseme kwenye tangazo kama nafasi ipo kweli, na kama akili mnemba inatumika kuchuja waombaji. Siku 45 ni nyingi kwa anayezihesabu, lakini angalau zina mwisho.

Kwenye jopo letu, yule wa pili ndiye aliyetutoa kwenye ukimya. Wiki ya tano aliandika mistari minne, akasema amepata ofa kwingine na anatakiwa kujibu Ijumaa. Nilimwomba mwenyekiti ruhusa nimweleze ukweli, akakubali. Nikamwandikia kwamba yuko kati ya watatu wa mwisho, kwamba kuna mtu aliyetangulia, na kwamba tutajua Alhamisi. Alijibu ndani ya saa hiyohiyo: "Asante, sasa naweza kupanga." Alhamisi yule wa kwanza akaamua kubaki alikokuwa, tukampigia wa pili, akaanza kazi mwezi uliofuata.

Miezi kadhaa baadaye nilifungua lile jedwali nikitafuta namba ya mdhamini wake. Mbele ya jina la tatu bado paliandikwa "inasubiri". Sote tulidhani mwingine amemjulisha. Nilimwandikia siku ileile, nikamwambia nafasi ilishajazwa, na nikamwomba radhi.